UZI: Shule ni ya nani? Kabianga, majani chai na ile hoja ya "watoto wetu"

1/
Kila mwaka wanafunzi wakianza kupangiwa shule, kuna hotuba moja lazima utaisikia Kericho na Bomet. Mheshimiwa anasimama kwenye mazishi au kwenye harambee, anasema: hii shule iko kwetu, imekaa juu ya ardhi yetu, lakini ingia darasani uone watoto wetu ni wangapi. Makofi.

Wiki hiyo hiyo mwingine anajibu akiwa Nairobi: shule ya kitaifa ni ya taifa, tuache ukabila. Makofi tena, safari hii ya huku mitandaoni.

Wote wawili hawasemi historia. Tuipitie basi. Ni uzi mrefu, chukua chai.

2/
Kanuni za hapa ni zile zile: sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Ukiwataja kwenye majibu mimi nitakupita tu kama gari la KTDA likiwa limejaa.

Shule nitakayoitumia kama mfano ni Kabianga, nje ya mji wa Kericho. Nimeichagua kwa sababu ilianza 1925, kwa hivyo imepitia kila sera ya elimu nchi hii imewahi kuwa nayo: ya mkoloni, ya harambee, ya 8-4-4 na sasa hii ya umilisi. Mimi sikusoma pale, kwa hivyo sina timu.

3/
Tuanze na ardhi, maana hotuba huanzia hapo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka wa 1919, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 hapa Kericho kwa ajili ya maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani. Mpango uliitwa kwa kifupi BEADOC. Walikuja kulima kitani, ule mmea wa kutengeneza nyuzi. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa. Ardhi haikurudi kwa Wakipsigis waliokuwa wakilisha ng'ombe pale. Katikati ya miaka ya 1920 iliingia mikononi mwa kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay zikiwa ndizo kubwa.

Shikilia huo wakati: katikati ya miaka ya 1920.

4/
Kwa sababu ni wakati huo huo ndipo shule inakuja.

1924, tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikichunguza elimu ya Waafrika. Ushauri wake kwa ufupi: Mwafrika afundishwe mambo yanayofanana na maisha yake, yaani kilimo, afya, ufundi wa mikono. 1925 mabaraza ya wenyeji, yale ya Local Native Council, yakaanza kazi, na yakapewa uwezo wa kutoza watu pesa kidogo juu ya kodi ya kibanda kwa ajili ya mambo kama barabara na shule.

Mwaka huo huo wa 1925 serikali ikafungua shule ya Waafrika Kabianga. Na Kapsabet kule Nandi, mwaka huo huo.

5/
Sasa hapa tuelewane, kwa sababu ndipo hotuba za pande zote mbili huteleza.

Shule hizi hazikuwa zawadi ya mkoloni. Mwafrika alikuwa analipa kodi ya kibanda, na kupitia baraza analipa tena. Mtu wa Belgut au Bureti aliuza ng'ombe au akaenda kufanya kazi ya kibarua ili apate hiyo pesa. Huku serikali ikitumia pesa nyingi zaidi kwa kila mtoto wa Kizungu kuliko kwa mtoto wa Mwafrika, na hilo limeandikwa kwenye kila kitabu cha historia ya elimu Kenya.

Kwa hivyo mzee akisema "hii shule tuliijenga sisi", usimcheke. Ana hoja. Swali ni hoja hiyo inafika wapi.

6/
Kwa nini serikali ijenge yenyewe, na si wamishonari walikuwepo?

Walikuwepo. Africa Inland Mission walikuwa Litein, Wakatoliki wakaja Kaplong, World Gospel Mission wakaimarika Tenwek. Lakini shule ya misheni ilikuja na masharti yake: jina jipya, kuacha mila fulani, kanisa Jumapili. Wazazi wengi walitaka kusoma bila hayo mengine. Shule ya serikali iliwapa njia.

Hii tofauti iko hadi leo. Shule iliyoanzishwa na kanisa ina mfadhili anayetambuliwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na kanisa huwa na sauti kuhusu maadili na uongozi. Ndiyo maana ugomvi wa Tenwek au Kaplong ukitokea unamsikia askofu, na wa Kabianga unamsikia chifu na mbunge.

7/
Ilifundisha nini? Kufuatana na sera ya wakati ule: useremala, ujenzi, kilimo, na kusoma na kuandika. Lengo la serikali lilikuwa kupata makarani, mafundi, walimu na watoto wa machifu watakaotawala kesho.

Wazazi wa Kiafrika nchi nzima walilalamika: mbona watoto wetu wanafundishwa jembe ambalo tayari wanalijua? Walitaka Kiingereza na hesabu, kwa sababu waliona nani anakaa ofisini na nani anasimama nje akisubiri kuitwa.

Ukisikia leo mtu anabishana kuhusu masomo ya ufundi kwenye mtaala mpya, na mzazi anauliza kama mtoto wake anatayarishwa kuwa fundi wakati wa wengine wanatayarishwa kuwa madaktari, jua mabishano hayo yana miaka 100. Huyo mzazi hajachanganyikiwa, ana kumbukumbu.

8/
Kitu kingine ambacho hotuba hurukia: wavulana peke yao.

Kabianga ilikuwa ya wavulana na bado ni ya wavulana. Msichana wa Kipsigis alisubiri muda mrefu zaidi, na mara nyingi aliyemfungulia mlango alikuwa mmishonari, si serikali wala baraza. Kwa hivyo "watoto wetu" ya miaka ya 1920 na 1930 maana yake ilikuwa nusu ya watoto. Na hiyo nusu nayo, si wote. Ni wachache sana, wengi wao kutoka nyumba zilizokuwa karibu na utawala.

Wakati huo huo, 1934, sheria maalum ilitungwa ya kuhamisha ukoo wa Talai kutoka nchi ya Wakipsigis hadi Gwassi, upande wa Ziwa Victoria, kwa sababu mkoloni aliogopa ushawishi wa viongozi wao wa kiroho. Kuna watoto waliopelekwa shule na kuna watoto waliopelekwa uhamishoni. Ardhi ni ile ile, serikali ni ile ile.

9/
Turudi kwenye chai kidogo, kwa sababu bila chai huwezi kuelewa neno "wageni" linavyotumika huku.

Kampuni zilipoanza kupanda chai, Wakipsigis wengi hawakutaka kazi ya kuchuma. Walikuwa na ng'ombe, walikuwa na mahindi ya kuuza. Kampuni zikaleta wafanyakazi kutoka Nyanza, Kisii na upande wa Waluhya. Wakajengewa kambi ndani ya mashamba, na baadaye shule za msingi za kampuni. Watoto wakazaliwa pale, wakasoma pale, wakazaa pale.

Vizazi vitatu au vinne baadaye, mtu aliyezaliwa kwenye kambi ya chai Kericho anaambiwa aende kwao. Kwao ni wapi?

10/
Sisemi hili kwa kupiga porojo. 1992 watu walifukuzwa na kuuawa katika Bonde la Ufa, kukiwa na uchaguzi. Mwishoni mwa 2007 na mwanzo wa 2008 tena. Kericho na Bomet hazikupona. Kuna watu huku wanasoma uzi huu wakiwa wanakumbuka walilala wapi.

Kwa hivyo neno "watoto wetu" kwenye maikrofoni lina uzito ambao halina mahali pengine. Anayelitamka huenda anazungumzia viti vya darasani tu. Anayesikia akiwa ametoka kambi ya chai anasikia kitu kingine. Mwanasiasa makini anajua hivyo, na wengine hulitumia kwa sababu wanajua hivyo.

11/
Uhuru ukaja. 1963 Kenya nzima ilikuwa na shule za sekondari 151 tu, na wanafunzi kama 30,000. Nchi nzima! Leo kuna kaunti zina shule zaidi ya hizo.

Tume ya Ominde ya 1964 ikasema elimu ijenge umoja wa taifa, ubaguzi wa rangi uondoke shuleni. Lakini pesa hazikuwepo za kutosha kumjengea kila mtu. Ndipo harambee ikaingia. Wazazi walichanga ng'ombe, mbuzi, mbao, siku za kazi. Kufikia miaka ya 1970 shule za harambee zilikuwa zimezidi za serikali kwa idadi.

Babu yangu alikuwa akisema alitoa ndama wawili kwa shule ambayo hakuna mtoto wake aliyewahi kusoma. Alikuwa analisema akicheka, lakini alilisema mara nyingi.

12/
Harambee ilileta mambo mawili kwa pamoja.

La kwanza zuri: shule zilifika vijijini ambako serikali isingefika hadi leo.

La pili: tukapata ngazi. Juu kabisa shule chache za zamani, zilizoanzishwa na serikali au misheni, zenye maabara, mabweni na walimu waliosomea. Chini, shule za harambee zenye ukuta wa mbao na mwalimu ambaye amemaliza kidato cha nne juzi. Kabianga ikawa upande wa juu. Shule jirani zilizochangwa na watu wale wale zikawa upande wa chini.

Na hapo ndipo mwanasiasa alijifunza kuwa shule ni jukwaa. Ukitoa mabati, jina lako linatajwa. Tabia hiyo tunayo mpaka leo, tumeibadilisha nguo tu.

13/
1985. Mwaka mkubwa. Mfumo wa 8-4-4 unaanza, na unakuja na sera ya mgao: asilimia 85 ya nafasi katika shule za sekondari zilizo nje ya zile za kitaifa zihifadhiwe kwa wanafunzi wa eneo hilo.

Hii ndiyo enzi ambayo wazee wengi huku wanaikumbuka wakisema "zamani shule ilikuwa yetu". Wako sawa. Kisera, ilikuwa hivyo. Shule kubwa ya mkoa ilijazwa na watoto wa mkoa.

Waliofaidika: mtoto wa kijiji cha Belgut au Sotik aliyekuwa na alama nzuri lakini hangeweza kushindana na shule za kibinafsi za Nairobi.
Walioumia: mtoto wa kaunti kame ambako hakukuwa na shule nzuri ya kuhifadhiwa. Ukimpa asilimia 85 ya kitu ambacho hakipo, umempa nini?

Na wakosoaji wakasema tunalea vijana ambao hawajawahi kuketi na Mkenya wa kabila lingine hadi wafike chuo kikuu. Baada ya 2008 hoja hiyo haikuhitaji maelezo tena.

14/
Ndipo tunafika 2011. Kenya ilikuwa na shule za kitaifa 18 tu. Serikali ikaamua kupandisha hadhi shule za mikoa, awamu kwa awamu, hadi zikapita 100. Lengo lilikuwa kila kaunti iwe na zake. Kericho ikapata Kabianga na Kipsigis Girls. Bomet ikapata Tenwek na Kaplong Girls.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo kiini cha uzi huu kilipo.

Kupandishwa hadhi ni kitu ambacho viongozi wa kila eneo walikitaka. Kinaleta jina, kinaleta pesa za majengo. Lakini kanuni ya shule ya kitaifa ni kwamba viti vinagawanywa nchi nzima. Huwezi kupata vyote viwili. Ukichukua hadhi, umetoa viti.

Kwa hivyo kiongozi anayelalamika leo kwamba viti vimeenda, muulize: shule ilipokuwa inapandishwa, wewe ulisema nini?

15/
Hesabu ya upande wa pili nayo isemwe. Shule za kitaifa zilipoongezeka, mtoto wa Konoin au Ainamoi naye alipata nafasi Siaya, Nyeri, Kakamega, Kiambu. Viti vilitoka na viti viliingia.

Swali la maana ni la kujumlisha na kutoa: kaunti hii inapeleka watoto wangapi kwenye shule kubwa za kwingine, na inapokea wangapi? Wizara ya Elimu inazo hizo takwimu. Sijawahi kusikia mheshimiwa hata mmoja akizisoma kwenye mazishi. Kuna sababu: zikisomwa, huenda zikaua hotuba. Au huenda zikaipa nguvu. Vyovyote, tuzisome.

16/
Tuje kwa walimu wakuu, kwa sababu hoja ya "wetu" ikikosa wanafunzi huhamia kwa mwalimu mkuu.

Walimu wa shule za umma wanaajiriwa na TSC, si kaunti, si mbunge, si kanisa. 2018 TSC ilianza kwa nguvu kuwahamisha walimu na walimu wakuu kutoka maeneo ya nyumbani. Nia ilikuwa kuvunja mitandao ya watu wa karibu kwenye zabuni na ajira. Madhara yake yalikuwa familia kutengana, na wanasiasa wakalipinga hadi likalegezwa.

Kote nchini tumeona wazazi wakifunga lango la shule wakikataa mwalimu mkuu mgeni. Mimi naelewa hasira, lakini jiulize nani anapeleka mahindi, kuni na nyama kwa shule ya watoto zaidi ya elfu. Mara nyingine vita vya "mwalimu wetu" ni vita vya zabuni vilivyovaa sare ya shule.

17/
Sasa pesa. Hapa naomba kalamu.

Serikali iliweka ruzuku ya shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Kwa shule ya kutwa hiyo ndiyo inaitwa elimu ya bure. Kwa shule ya bweni ya kiwango cha kitaifa, mzazi anaongezea karo ambayo mwongozo wa serikali uliweka kuwa shilingi 53,554 kwa mwaka.

Tuseme shule ina wanafunzi 2,000. Ruzuku: 44,488,000. Karo ya wazazi: 107,108,000. Kwa hivyo katika shule ya "umma" kama hiyo, mzazi analipa zaidi ya mara mbili ya kile serikali inalipa, na hapo hatujasema ruzuku huchelewa na mara nyingi haifiki yote.

Ukiuliza shule ni ya nani, angalia pia nani analipa.

18/
Tuibadilishe iwe chai. Tuseme mkulima mdogo analipwa shilingi 25 kwa kilo ya majani mabichi. 53,554 ni zaidi ya kilo 2,100. Hapo hajalipa mchumaji, hajanunua mbolea, hajala.

Ndiyo maana huku kalenda ya elimu inaanza Oktoba, bonasi ikitoka. Bonasi ya Oktoba ndiyo karo ya Januari. Na bonasi ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa chini kuliko ya upande wa Mlima Kenya; 2025 malalamiko yalikuwa makubwa. Bonasi ikianguka, mtoto aliyepata nafasi Kabianga kwa alama zake anabaki nyumbani na barua yake mkononi.

Na wale wa mashamba makubwa? Mashine za kuchuma zimepunguza vibarua. Mei 2023 mashine zilichomwa Kericho na mtu akapoteza maisha. Mashamba yenyewe yamebadilisha wenyewe. Mzazi wa kambi hana hata hiyo bonasi ya kungojea.

19/
Hapo ndipo basari inaingia, na hapo ndipo siasa inakuwa tamu.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari ni ya serikali ya kitaifa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kisheria elimu ya msingi inafika hadi mwisho wa sekondari.

Lakini kwa kweli karo ya mtoto wa maskini inategemea mbunge kupitia NG-CDF, gavana kupitia basari ya kaunti, na mtu binafsi mwenye huruma. Mwanzoni mwa 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa kabla ya kutoa basari, na zogo likafika mahakamani. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilikuwa tayari imesema NG-CDF inakiuka Katiba.

Haki ikigeuka kuwa fadhila, lazima kuwe na mtu wa kushukuriwa. Ndiyo biashara yenyewe.

20/
Niseme langu, kwa sababu si haki kuchambua za wengine tu.

Mimi niliitwa shule kubwa ya bweni baada ya KCPE. Jina silitaji. Mama anachuma chai ya watu, na yetu ni vichaka vichache. Tulijaza fomu za basari tatu. Moja ilijibiwa, 4,000. Siku ya kuripoti tulifika langoni na nusu ya karo, tukaambiwa turudi ikikamilika. Haikukamilika. Nikaenda shule ya kutwa ya karibu, nikasoma, niko hapa.

Silalamiki juu ya mwalimu aliyekuwa langoni, alikuwa na bajeti yake. Lakini kiti changu kilijazwa na mtu. Kama alitoka kaunti nyingine au kijiji jirani, mimi sikujali hata kidogo. Nilichojua ni kwamba baba yake alikuwa na 53,000 na zaidi, na mama yangu hakuwa nazo.

21/
Ndiyo maana hoja ya "wageni wamechukua viti" hainishiki vizuri. Kuna mtoto wa Kipsigis wa tajiri na mtoto wa Kipsigis wa mchumaji. Kuna mtoto wa Mkisii wa kambi ambaye hajawahi kuiona Kisii, na mtoto wa Mkisii ambaye baba yake ni wakili Nairobi. Sera ya mgao ya 1985 ingewapa viti watatu wa kwanza, na mmoja tu angeweza kulipa. Sera ya 2011 ingewapa nafasi wote wanne, na ni wawili tu wangeweza kulipa.

Hoja ya kabila inaficha hoja ya karo. Na inaificha vizuri, kwa sababu kabila unaliona kwenye jina na karo huioni.

22/
Lakini pia sitaki wale wa "ni ya taifa, nyamazeni" washangilie mapema.

Wenyeji wana madai ya kweli. Waliipoteza ardhi, 2021 wataalamu maalum wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kuhusu Wakipsigis na Talai, na kesi ikapelekwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu 2022. Walilipa kodi iliyojenga shule za mwanzo. Walichanga za harambee. Wanaishi na shule kila siku: barabara inayoharibiwa na malori yake, maji ya mto wanayotumia pamoja. Kumwambia mtu huyo kwamba hana neno lolote ni dharau, na dharau ndiyo mafuta ya zile hotuba.

Jambo la kuuliza ni deni hilo lilipwe vipi na nani. Mtoto wa Turkana aliyepangiwa Kabianga hakuchukua ekari 25,000.

23/
Sasa tuko 2026. Januari kundi la kwanza la Gredi ya 10 limeingia shule za sekondari ya juu. Watahiniwa zaidi ya milioni 1.1 walifanya mtihani wa kumaliza sekondari msingi. Majina ya zamani, kitaifa na kaunti, yamebadilishwa kuwa makundi C1 hadi C4, na mtoto anachagua njia: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo.

C1 ni zile zile za kitaifa. C4 ni zile za kutwa za vijijini, nyingi zikiwa zile za harambee ambazo babu zetu walitoa ndama. Shule kubwa ina maabara za kufundisha njia zote tatu. Ya kijijini ikipata mwalimu mmoja wa fizikia, inashukuru.

Mdogo wangu yuko kwenye kundi hilo. Alitaka sayansi. Yuko C4, maabara ni chumba kimoja chenye meza mbili. Anasema mwalimu ni mzuri.

24/
Shule za umma zinazotoa sekondari Kenya zinapita 9,000. Zile za kitaifa ni zaidi ya 100 kidogo. Yaani kila msimu tunapigana hadi tunatoana damu kuhusu shule moja kati ya kila 90, na hizo 89 ambazo watoto wengi wa Kericho na Bomet wanasoma hazitajwi hata kwenye kampeni.

Hata tukirudisha asilimia 85 kesho asubuhi, na Kabianga yote ijazwe na watoto wa kaunti hii, bado wengi mno watabaki nje ya lango. Lango ni dogo. Watabaki kwenye zile 89.

25/
Kwa hivyo mheshimiwa akija kwenu na hiyo hotuba, awe wa mrengo wowote, muulizeni kwa adabu:

- Takwimu za viti viko wapi? Wangapi wanatoka kaunti hii kwenda nje, wangapi wanaingia?
- Wangapi waliitwa wakakosa kuripoti kwa sababu ya karo?
- Ulipopigia debe shule ipandishwe hadhi, uliwaambia watu kuhusu viti?
- Orodha ya waliopata basari itabandikwa lini ukutani kwa chifu, na ilitumia kigezo gani?
- Shule ya kutwa iliyo karibu na hapa unaposimama ina maabara?
- Na ukisema "watoto wetu", wale wa kambini wamo?

Akijibu hata matatu, mpigieni makofi. Mimi pia nitapiga.

26/
Miaka 100 iliyopita mzee mmoja wa huku alilipa kodi akaambiwa shule imejengwa. Hakuulizwa nani ataingia. Leo tunaweza kuuliza, na hiyo ndiyo tofauti kubwa tuliyo nayo naye.

Mwisho wa uzi. Waliosoma Kabianga mnirekebishe kwa upole. Waliosoma shule za kutwa, wekeni jina la shule yenu hapo chini na mseme mlikuwa na maabara au la. Nataka tuione hiyo orodha.